Kofia ya Jogoo na Visahani vya Bibi Melania

Jumamosi, 6 Julai 2024

Leo tena nimevaa kofia. Ya kijani, kitambaa kizito, unyoya wa jogoo umesimama juu — na inanuka! Ndiyo desturi ya klabu yetu ya kulenga visahani. Aliyefanya vibaya kuliko wote siku ya sikukuu ya klabu anaivaa kila Jumamosi mwaka mzima, tena bunduki hashiki. Kazi yake ni kuvuta springi ya mtambo, kurusha visahani hewani wenzake wavivunje. Mwaka jana nilikuwa mgeni. Nilifyatua huku nimefunga macho yote mawili!

Mwenye kofia anapewa risasi tatu tu, sikukuu inayofuata. Akivunja kisahani kimoja, kofia inahamia kwa mwingine aliyeshika mkia. Sikukuu ni tarehe 3 Agosti. Mungu nisaidie.

Jumatatu, 8 Julai

Mwaloni Kibirizi asubuhi, kupima nyavu za dagaa. Mimi ni afisa uvuvi, matundu ndiyo ugali wangu. Nimemwambia mwenye boti mmoja kwamba matundu ya wavu wake ni madogo kuliko sheria inavyotaka. Akaniuliza mbele ya wachuuzi wote: Mama Jogoo anaonaje tundu la wavu, na kisahani kizima kinampita hewani hakioni? Watu wamecheka mpaka beseni la dagaa likamwagika. Wavu hakuutoa. Nimerudi ofisini mikono mitupu.

Sikutoka Same mpaka Kigoma kuja kuitwa kuku! Lazima kofia hii ihame.

Jumamosi, 13 Julai

Visahani vimekwisha. Vile vyeusi vya dukani, vinavyovunjika hata ukivitazama vibaya. Mzigo mwingine umekwama njiani, hakuna ajuaye wapi. Mzee Polycarp, mwenyekiti wetu, kasema sikukuu haiahirishwi. Haijaahirishwa tangu klabu ianze. Kisha akatupa historia yote upya — yule mhandisi wa kigeni, na yeye akiwa dereva wake, na mtambo aliomwachia siku ya kuondoka. Mwaka jana alisimulia kwamba mhandisi aliuacha kwa kupeana mikono. Mwaka huu aliuacha akilia. Mwakani nadhani atakataa kabisa kupanda treni.

Davis wa duka la dawa ndiye mweka hazina. Ameagiza visahani kwa Bibi Melania, mfinyanzi wa Kidahwe, jirani na uwanja wetu. Upana kama huu, vyepesi, vingi. Nikamuuliza kama amemwambia ni vya nini. Akaona haya. Unamwambiaje mama wa watu kwamba kazi ya mikono yake utaipiga risasi? Amemwambia ni vya sherehe.

Jumamosi, 20 Julai

Vimefika. Ee! Vizuri mno. Vyekundu, vimesuguliwa mpaka vinang'aa, na kila kimoja kachora ua ukingoni. Kimoja kikanitoka mkononi, kikaanguka kwenye saruji. Hakina hata ufa. Davis akanitazama. Nikamtazama.

Mazoezi sasa. Narusha, wanapiga, marisau, zile punje za risasi, yanasikika yakigonga — ting! — na kisahani kinaendelea na safari yake, kinatua kwenye nyasi kizima. Alasiri akina mama wa jirani wakaja na vikapu kuviokota. Mmoja keshafunikia chungu cha maharage. Vilivyobaki tumenywea chai. Mzee Polycarp humimina chai kwenye kisahani ipoe, halafu anaivuta kwa kelele. Kasema klabu haijawahi kupata visahani bora kama hivi. Kavisifu kwa chai, lakini. Kulenga hajagusa hata kimoja.

Macho ya Mzee si mazuri tena. Juzi mbuzi alisimama mlangoni kwake, Mzee akamwambia marahaba. Hakuna anayethubutu kumwambia.

Jumatano, 24 Julai

Davis kaenda kumwomba Bibi Melania vya sikukuu asivichome sana. Karudi kanywea. Ilibidi amweleze ukweli, na yule mama hakukasirika, kacheka.

"Mwanangu, unataka nifinyange vibovu? Watu wa Kidahwe watasema Melania kazeeka! Leteni hizo bunduki zenu, nije nizione."

Atakuja kweli. Na ameahidi kuvichoma zaidi!

Ijumaa, 2 Agosti

Kikao cha dharura. Tumekubaliana, kwa kuwa visahani vimegoma kuvunjika, kikimeguka au kikitoboka kitahesabika kimevunjwa. Walio mkiani wakilingana, kofia inabaki ilipo. Mzee mwenyewe kagonga meza kupitisha.

Jioni nimefanya mazoezi uani kwa mpini wa ufagio. Brigita wa nyumba ya pili akachungulia ukutani, akauliza kama nina wageni wabaya. Nikamjibu ninao, wote wana manyoya.

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika hapa hapa mezani, uwanjani. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo wanadhani naandika muhtasari. Waache wadhani!

Bibi Melania kaketi mbele kabisa na kitenge kipya. "Mwakeye!" kwa kila mtu, salamu ya Kiha. Kisahani kikitua kizima anapiga vigelegele. Kikimeguka anauma mdomo, anaenda kukikagua, anarudi akisema huo udongo ulikuwa wa chini ya mvule, una mizizi. Wenzangu wamemegua kila mtu kimoja, Davis viwili. Mzee Polycarp hakupata kitu. Risasi zote zimekwenda Burundi.

Zamu yangu. Ya kwanza, hewa. Ya pili, hewa. Ya tatu nikafungua macho, nikakifuata kile kisahani kama nafuata boti inayokimbia ukaguzi — ting! Nimesikia! Wote wamesikia! Kikatua. Bibi Melania akakimbia kukileta mwenyewe, vigelegele mpaka barabarani. Kizima, anasema, kizima!

Si kizima. Kando ya ua kuna tundu. Dogo, kama kichwa cha pini, lina masizi. Lakini mimi ni mtu wa matundu. Nalijua tundu nikiliona.

Nimevua kofia, nimeiweka mezani, hukumu itolewe. Davis kakiinua kisahani juani, kasema ni kama kuna kitu. Mzee kakisogeza mpaka puani.

"Masizi," kasema. "Hiki kizima."

Na wote: ndiyo Mzee, masizi. Hata Davis! Kwa sababu likiwa tundu, kofia inakwenda kwa mwenyekiti, na nani atamvika Mzee Polycarp unyoya wa jogoo? Naumia, acha niseme. Nimepiga! Kwa mara ya kwanza maishani nimepiga kitu, na watu wazima wameamua kutoona. Jumatatu Kibirizi watanipokea kwa kuwika.

"Katibu, andika: kizima," Mzee kasema. Naandika.

Chai imeletwa. Imetoka motoni sasa hivi. Mzee kavaa suruali nyeupe ya sikukuu. Anapapasa mezani kutafuta kisahani cha kupozea. Kashika... la. Kashika hicho hicho! Davis ameona. Ananikodolea macho.

"Mzee, hicho siyo..." nimeanza.

"Katibu, andika. Usizungumze."

Haya. Naandika. Mzee anamimina. Amejaza. Anakinyanyua kwa vidole vitatu, anapuliza. Tone. Tone jingine, gotini. Mzee anafuta goti, anatazama mbinguni — Agosti hii, mvua? Hakuna anayecheka.

Bibi Melania kasimama, mikono kiunoni.

"Vya kwangu havivuji! Nani kakitoboa?"

Wote wananitazama mimi. Mzee kakiinua kisahani mpaka puani tena, chai inamtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kidole gumba kinapapasa kando ya ua, kinasimama pale penye tundu. Mkono wake wa pili umeanza kutembea mezani, taratibu, unapita sukari, unapita bakuli la karanga, unakuja upande huu ilipo kofia —