Tarehe Nyuma ya Shavu la Etau

Goma, Katoyi, tarehe 4 Machi 2024

Mdogo wangu Kamate,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Kifua chako kinasemaje na baridi ya Butembo? Sisi tuko wazima, ila magoti yangu hayajasahau safari ya kutoka Rutshuru. Namba yako ya simu haipiti tena, kwa hiyo barua hii naiweka mkononi mwa Mama Wivine, anayezungukia Uganda na vitenge vyake.

Jumamosi nilikuwa Birere kutafuta bawaba. Kwa muuza vyuma mmoja, chini ya mabomba ya pikipiki, niliona taya mbili pana, laini, zisizo na meno. Nikajua ni etau, yaani jiliwa, lakini si ya fundi wa magari. Ile hukaa juu ya meza na kung'ata chuma. Hii ni ya kubana mbao, inayolala sawa na uso wa meza. Nikaitoa. Parafujo kubwa katikati, meno yake yamekatwa mraba kama yalivyokuwa zamani. Vyuma viwili vya kuongoza pembeni. Na kile kidude cha chini ambacho ukikibonyeza taya inateleza yenyewe, bila kuzungusha.

Muuzaji akasema, "Muzee, hiyo taya imepinda, ndiyo maana nakuachia kwa bei ndogo." Haikupinda, Kamate. Unajua wewe. Taya zinainamiana kidogo juu ili ukikaza zikutane sawasawa. Nikaendelea kuipapasa hadi akacheka: "Unataka kuioa ama kuinunua?"

Kipini kilikuwa cha mti wa kahawa. Kwenye taya ya mbele, alama ya shoka pale mwanangu Théogène alipokosea akiwa na miaka kumi na mbili. Ni etau yetu. Ni ile tuliyoachiwa na mafurere, wale watawa, walipofunga shule ya useremala.

Nyumbani nikatoa mashavu ya mbao yanayofunika taya, kwa sababu hujasahau desturi yetu: kila anayebadilisha mashavu anaandika nyuma, pasipoonekana, jina lake na mwezi. Mashavu haya si yale niliyoyaacha. Nyuma yameandikwa kwa penseli: T. 4/2023.

Uliniandikia kwamba mwanangu, aliyekataa kuiacha atelye, karakana yetu, alipigwa risasi Oktoba 2022 na ukamzika nyuma ya ukuta. Barua yako ndiyo mke wake Émérance aliyoipeleka kwa padri kuthibitisha kwamba ni mjane. Tarehe 20 Aprili anaolewa na mwalimu Benny, mtu mpole, ambaye sina neno baya juu yake.

Maiti haibadilishi mashavu ya etau. Kama yu hai, niambie. Kama alikuomba unidanganye ili nisirudi kumtafuta, nitawasamehe wote wawili. Bado sijamwambia Émérance. Nijibu kabla ya harusi.

Mkubwa wako,
Havugimana


Butembo, tarehe 21 Machi 2024

Papa Théo, mkubwa wangu,

Nakusalimia kwa heshima. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Watoto wanasoma. Mama Wivine amenikuta sokoni, anangoja nimalize ili aondoke na barua hii kesho.

Yaya, kaka yangu, ngoja kwanza uketi.

Théogène alikufa siku ile ile niliyokutajia katika barua. Nilimwosha mimi. Sanduku lake nilitengeneza kwenye etau ile, nikakaza mno, mashavu yakapasuka. Niliyaacha hivyo miezi sita. Nilikuwa peke yangu atelye, kazi haikuwa nyingi, na upande ule wa meza ulikuwa wake.

Mwezi wa nne nikakata mengine. Penseli ikafika kwenye mbao na sikuweza kuandika jina langu. Nilihisi kama nachukua nafasi yake. Nikaandika T., nikafunga. Nilijua hakuna atakayeona. Mwezi wa saba nami nikakimbia, kila kitu kikabaki mle. Nani aliipeleka Birere, sijui.

Ni ujinga wa mtu mwenye huzuni, lakini ni ujinga wangu. Nisamehe. Tafadhali sana, usimwambie mtoto wetu Émérance neno lolote. Acha aolewe. Kama ningeweza kuja ningecheza harusi hiyo mimi mwenyewe, na kifua changu hiki.

Mdogo wako,
Kamate


Goma, tarehe 14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Sijui kama uko mzima, wala kama barua yangu ilikufikia. Wiki sita. Mama Wivine hajaonekana. Kwao wanasema alikwama upande wa Uganda na mtoto mgonjwa. Hii naipa dereva nisiyemjua, pengine itapotea.

Nilijitahidi kunyamaza. Lakini Jumanne Émérance alikuwa anajaribu kitambaa cha kichwani mbele ya kioo, akaniuliza, "Papa, inanifaa? Sema kweli, usiniogope." Nikashindwa. Nikamwonyesha shavu la etau.

Hakulia. Alishika ile mbao, akasoma, akaigeuza, akasoma tena. Kisha akavua kile kitambaa na kwenda kwa padri kusimamisha matangazo ya ndoa. Benny alikuja jioni. Akasimama mlangoni, hakutaka kiti. "Papa," akasema, "na marehemu ningeweza kuishi naye nyumba moja. Na mtu aliye hai, hapana." Nasikia amekubali kazi ya shule Bukavu.

Sasa Émérance anakwenda kila asubuhi mahali wanaposhukia watu wa Rutshuru, na kuwauliza. Amefua shati la Théogène lililobaki. Amelipiga pasi.

Kamate, neno moja tu. Ndiyo au hapana.

Mkubwa wako,
Havugimana


Goma, tarehe 2 Juni 2024

Kamate, mdogo wangu,

Nakutakia afya wewe na nyumba yako. Mama Wivine alifika juzi, amekonda, mtoto wake amepona. Barua yako ilikuwa imeshonwa ndani ya pindo la kitenge. Aliniomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Usiniombe msamaha na wewe. Chukua barua yangu ya Machi, uisome tena. Nilikuhesabia parafujo kubwa, taya, kipini, alama ya shoka. Kuna kitu kimoja sikukiandika.

Unakumbuka jinsi Théogène alivyofunga parafujo ndogo za mashavu? Hakuridhika mpaka mikato ya vichwani yote imesimama wima, kama askari kwenye gwaride. Nilikuwa nikimtania: "Nani ataziona, we bwana harusi?" Naye: "Mimi nitaziona, papa." Wewe ulikaza tu, kila mkato ukaangalia kwake.

Siku ile nilipotoa mashavu, bisibisi mkononi, niliziona parafujo zile nne. Moja imelala, mbili zimeinama, moja karibu isimame. Nilijua ni mkono wako, si wake, kabla sijafika kwenye maandishi ya penseli. Nikazifungua haraka. Nikaziweka mfukoni, na nilipokuandikia zilikuwa bado mfukoni.

Jana nilimpa Émérance barua yako. Aliisoma amesimama. Nikamweleza na habari ya parafujo. Akauliza jambo moja tu: "Papa, uliona lini?" Nikamjibu: siku ya kwanza.

Shati amelikunja, ameliweka kitandani kwangu. Kesho asubuhi anapanda boti ya Bukavu, bila kujua kama Benny atamfungulia mlango. Nimesikia akimwomba jirani amsaidie kubeba begi hadi bandarini.

Mkubwa wako,
Havugimana