Fabian Aliyeitika

Uru Juu,
S.L.P. 3114,
Moshi.
14 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Fabian,

Habari za Gothenburg? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako hakikusumbui kama zamani. Nasikia baridi ya huko imeshaanza. Mkeo hajambo? Watoto je? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Miguu ya Mama inavimba lakini anatembea, ng'ombe amezaa ndume, na mimi tangu nistaafu polisi nauza mitumba pale soko la Memorial. Ndiyo, Sajini Dafroza wa upelelezi sasa anapigia masweta kelele. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Kahawa ya marehemu baba tumeng'oa nusu. Imekuwa kazi ya bure siku hizi, kila mtu anakimbilia nyanya. Mama alilia mti wa kwanza ulipoanguka, kisha akachukua jembe akasaidia.

Sasa kaa chini. Fabian, umekuja nyumbani.

Sitanii. Ulikuja Jumapili moja mwezi uliopita, watu wakitoka misa ya pili. Ulipita njia ya chini kama mtu yeyote anayetoka mjini, umevaa lile koti la kahawia alilokushonea fundi wa Majengo ulipokuwa unaondoka, na uso ni uleule wa siku ile. Ukampa Mama shikamoo. Mama alipiga yowe mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Beatrice, jirani yetu wa chini, akasema ndiyo faida ya kuishi na Wazungu, vyakula vyao havizeeshi. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, naangalia viatu vyako.

Kuanzia hapa nitamwita Yeye, tusije tukachanganyana.

Kutoka Moshi mjini mpaka kwetu udongo ni mwekundu mtupu. Viatu vyake vilikuwa na matope meusi, yale ya msitu wa juu. Begi hana. Nikamwuliza pasi ya kusafiria iko wapi, akatabasamu. Nikamwuliza ameshukia uwanja gani, akaniambia, "Mama, hapa baridi kali, lakini nyumba zao zina joto kama jikoni kwako." Katikati ya sentensi akakohoa kidogo. Halafu, na hili nimelisikia kwa masikio yangu mawili, nyuma ya sauti yake ikalia kengele.

Nilikuwa naijua hiyo kengele. Mama alipoenda kulaza miguu nilichukua kaseti uliyotutumia mwaka ule wa kwanza, nikaiweka kwenye redio. Neno kwa neno, Fabian. Kikohozi mahali palepale. Na nyuma yako kengele ya ile treni yenu ya barabarani ikipita dirishani. Imo kwenye kaseti, na ilikuwa imetoka kifuani mwake. Nikazima redio.

Miaka yangu kazini nimekamata waliojifanya mapadri, waliojifanya madaktari, hata mmoja kule Kwa Sadala aliyejifanya maiti. Kila mmoja alikuwa na anachokitaka. Huyu hakutaka kitu. Alikata majani ya ng'ombe, alichota maji, alimkanda Mama miguu. Chakula alikiangalia tu mpaka Mama amsukumie kijiko, halafu anaumeza mtori wote wa ndizi ukiwa bado unatokota, wala hapulizi. Baada ya wiki akaanza kusema maneno mapya, aliyookota kwetu. Siku moja nikamsikia anacheka nje. Kilikuwa kicheko cha Beatrice, na Beatrice alikuwa Mabogini kwa mwanawe.

Nikaamua kufuata matope.

Nilipanda asubuhi jua likiwa limeshatoka, panga kiunoni, fimbo ya baba mkononi, nikaufuata mfongo, ule mfereji wetu wa maji, kwenda juu. Kwenye banio, pale maji yanapoingia mfongoni, nikamkuta binamu yetu Aminieli anayelilinda. Nikambana. Hakuhitaji kubanwa sana, maskini, alikuwa amebeba jambo hilo muda mrefu. Akaniambia Mama alikuwa anapanda pale kila Ijumaa na redio mgongoni, kisingizio ni majani ya ng'ombe. Alikuwa amepanda sale, ule mmea wetu wa mipakani, pembeni ya banio. Anageukia kilele cha Kibo, anaweka kaseti zako, anamwomba Ruwa, Mungu wa wazee wetu, amrudishie mwenye sauti ile. Padri asisikie, tafadhali.

Unajua uzito wa sale, hata kama umekaa na Wazungu. Mtu akiletewa jani la sale hakatai. Hata aliyeuliwa ndugu, ukifika kwake na sale, anashusha mkono na kusamehe. Lakini sale hupelekewa mtu, unayemjua kwa jina na kwa ukoo. Sijawahi kusikia aliyelipelekea mlima. Mama wetu kwa uchungu wake alifanya hivyo, na hakujiuliza ni nani atakayelipokea.

Pale penye sale nyayo zilikuwepo, na zilikuwa zinashuka kutoka juu. Aminieli hakutaka kuvuka banio. "Dada, mimi nina watoto," akasema, na sikumlaumu.

Nilipita msitu mpaka nikatokea pale miti inapokwisha, panapobaki nyasi kavu na upepo. Huko mgomba hauoti, hata mtoto anajua. Ruwa wangu, nilikuta kihamba chetu, shamba na nyumba yake.

Migomba imesimama, minene, safi. Upepo unalaza nyasi zote lakini majani yake hayatikisiki. Kahawa ya baba ipo yote, pamoja na ile tuliyoing'oa. Nyumba ni ile ya zamani ya mabati, uliyoiacha wewe, kabla hatujajenga hii ya tofali. Masale tu ndiyo yamekosewa. Badala ya kuzunguka mipaka ya shamba yameota ndani, katikati ya sebule, mpaka yanagusa dari. Nadhani aliyejenga alijua kwamba hicho ndicho kitu kikubwa kwetu, ila hakuna aliyemwambia kinakaa wapi.

Kiti cha baba kiko barazani, na kata yake ya pombe ya mbege iko kando. Kaburi lake halipo. Kwenye kaseti zako baba bado anasalimiwa, kwa hiyo huko juu bado anasubiriwa akae. Kigoda cha Mama kiko jikoni, kimefutwa vumbi. Hapakuwa na harufu yoyote, ya moshi wala ya ng'ombe. Niliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto, ukatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza inzi, na ndani yake nikasikia kikohozi chako.

Nilitaka kukimbia, nakiri, lakini miguu ilikuwa bado ina tabia ya kazi. Nikatafuta changu. Kitanda changu, kanga yangu, chochote. Sikukiona. Niliporudi nikasikiliza kaseti zako zote, moja baada ya nyingine. Unamsalimu baba, unamsalimu Mama, unamwulizia Aminieli, unaulizia hata ng'ombe kwa jina lake. Mimi hukunitaja popote. Kwa hiyo kule juu wote wana mahali pao, ng'ombe naye, isipokuwa dada yako aliyekubeba mgongoni. Hofu ilinipita siku hiyohiyo. Hili bado linaniuma.

Kesho yake nilimkuta Yeye shambani anaegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu. Nikasimama mbele yake, nikamwambia nimetoka juu, nimeona. Nikamwuliza yeye ni nani. Hakubabaika. Safari hii hapakuwa na kengele, ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya taratibu.

"Mimi ndiye niliyeletewa sale."

Anasema alishuka na barafu zamani kabla ya watu, akalala humo. Miaka hii barafu ya Kibo inakonda, sote tunaona, na ilipokonda akaamka. Alisikia maji yakishuka kuja kwetu, akayafuata kwa sikio. Alisikia watu wengi, anasema, ila hapakuwa na aliyekuwa anaongea naye. Halafu mama mmoja akampelekea jani na kumwambia anachokihitaji, akamsikilizisha na sauti ili asikosee. Akajenga nyumba kwanza, akitaka mwana awe na mahali pa kukaa. Kisha akajitengeneza mwana.

"Ungeweza kukataa," nikamwambia.

"Nyinyi mnaweza?" akauliza.

Nikakukumbuka wewe. Baba alikutolea maneno mabaya kwa kuoa Mzungu, ni kweli, na hakuwa na haki. Lakini kabla hajafa alijuta, akamwambia Mama akuwekee jani la sale kwenye bahasha. Lilifika. Posta hawalipotezi jani. Hukujibu, na kwenye maziko hukuja.

Ningeweza kumwita polisi. Nikawaambie nini wenzangu? Kosa lake lipi, kumkanda Mama miguu? Panga lilikuwa kiunoni, na nilimwangalia shingoni kwa muda, lakini ni shingo yako, nimeiosha mimi ukiwa mdogo. Nikaenda kwenye mpaka, nikakata jani la sale, nikampelekea. Nikamwomba aondoke atuachie Mama.

Alilipokea kwa mikono miwili, kichwa chini, kama mzee wa ukoo. Kisha akakaa juu ya jiwe siku nzima, hajala, hajasogea. Kuku walimpanda mabegani. Jioni jua likiwa bado liko kwenye mlima Meru alikuja jikoni kunijibu.

Anasema ana masale mawili na hawezi kukataa hata moja. Kwa hiyo ataondoka Krismasi, wakati kila Mchaga anarudi kwao. Wewe ukiwepo, Mama atakuwa amerudishiwa mwanawe, na Yeye ataondoka peke yake. Usipokuwepo ataondoka na Mama, ampeleke kwenye kile kigoda, maana kule juu ndiko mwanawe atakakokuwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa anamenya ndizi.

Nikamkimbilia Mama nimwonye. Nikamweleza yote, kaseti, matope, ukuta unaotetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitia chumvi kwenye sufuria.

"Dafroza," akasema, "unadhani mimi ni mjinga? Nimekuzaeni, nisijue? Huyu si Fabian. Lakini nilimwita, akaitika."

Ameshafunga kitenge chake kizuri na rozari kwenye kikapu. Kikapu kiko nyuma ya mlango. Nimekifungua mara kadhaa, naye anakifunga upya, wala hatugombani. Sijawahi kushindwa kesi namna hii, kila mtu anasema kweli na hakuna wa kumtia pingu.

Basi, mdogo wangu, sina mwingine wa kumkimbilia isipokuwa wewe. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma, na nakuhitaji. Njoo na mkeo, njoo na watoto, njoo peke yako, vyovyote. Aliyewakataza ameshalala na alijuta. Mbuzi yupo, anakusubiri. Kama kazi hawakuruhusu, waambie mama yako anakufa. Haitakuwa uongo mkubwa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea jani la sale. Lile la baba hukulijibu, hiyo ni kati yako na yeye. Hili ni langu mimi, ambaye hukuwahi kunitaja. Nimekusamehe, na nakuomba uje.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Beatrice anakusalimu, bado anauliza siri ya kutozeeka. Aminieli anakusalimu, ameacha kulinda banio, sasa analima nyanya.

Na Fabian anakusalimu sana. Amekaa hapa karibu yangu ninapoandika, ananiangalia mkono, na ndiye atakayeipeleka posta kwa sababu leo naye Mama miguu imezidi na siwezi kumwacha. Nilipokuwa naweka jani langu kwenye bahasha aliniomba nisubiri, akatoka, akarudi na jani lake. Kwa hiyo ukikuta majani mawili usishangae. Nimemwuliza lake anaombea nini. Anakuomba radhi kwa kukaa mahali pako.

Mungu akulinde barabarani na angani, akufikishe kwetu kabla ya Krismasi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda wewe wa huko,

Dafroza