Mwalimu Breki, Maiki Iko Wazi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Ijumaa, viatu vyako vya mazoezi vikiwa tayari chini ya kiti. Bado viko palepale. Mama huvipangusa vumbi na kuvirudisha, nasi hatumwulizi kitu.

Ulifundisha udereva miaka thelathini na mmoja. Nusu ya madereva wa mji huu walijifunza kwako kuiheshimu barabara kabla hawajagusa usukani. Gari lako jeupe lilikuwa na breki ya pili upande wako, na mguu wako wa kulia uliizoea mno hata ukawa unakanyaga ukiwa kwenye kochi, unatazama filamu. Mtaa ukakubandika jina la Mwalimu Breki, nawe ukaliitikia bila kinyongo.

Hukumfokea mwanafunzi hata mmoja. Gari likizimika katikati ya makutano, huku nyuma honi zinalia, ulipiga dashibodi kwa kiganja mara mbili tu. Kila mtu alijua maana yake: washa tena. Mimi binti yako nililizima mara saba kwa siku moja, na mara zote saba ulipiga dashibodi. Ya nane tukaondoka.

"Taratibu," ukasema. "Barabara haina miguu, haitakukimbia."

Kisha kikaja kiharusi, ukiwa unanyoa ndevu. Kikalegeza mkono na mguu wa kulia, na maneno yakaenda nacho. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kuwa hali hiyo inaitwa afasia: akili iko timamu, unajua unachotaka kusema, ila maneno hayaji. Katika maneno yako yote lilibaki moja, taratibu. Ukitaka maji, taratibu. Ukimsalimu jirani, taratibu. Hata ukicheka. Mama alikuelewa kila mara, na namna alivyoelewa ni siri yenu wawili. Wageni walituuliza sisi hali yako, na wewe umekaa hapohapo, kisha wakaanza kuadimika.

Mtaalamu huyo ndiye aliyekuandikisha kwenye darasa la mazoezi la mtandaoni, la watu wenye afasia, kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi. Nikaweka kompyuta juu ya meza ya chakula, ukakaa kwenye kiti chako cha mikono. Zikajitokeza sura kumi na moja, kila moja kwenye kidirisha chake, na pazia la nyumbani kwake nyuma. Mwalimu wa mazoezi alikuwa kijana wa maneno machache. Aliinua mkono, akangoja. Alionyesha picha ya mguu, akangoja.

Nakumbuka mwanga ukipenya dirishani, vumbi likielea ndani yake, na mikono yenu ikipanda na kushuka polepole kana kwamba nyote mko ndani ya maji. Zamu ya miguu ilipofika, mguu wako wa kulia uliikumbuka breki yake. Na kila mkono uliposhuka ulisema, taratibu. Sijui kama ilikuwa nusu saa au asubuhi nzima. Nyumba yote ilitulia.

Hapo ndipo nilipokukosea, Baba, na ninalisema hili mbele ya wote wanaosoma. Niliona haya. Nilidhani unawasumbua wenzako kwa neno hilohilo moja. Darasa la tano nikabonyeza kitufe, nikaifunga maiki yako, wala sikukwambia. Kwa wiki tatu hakuna aliyekusikia ila mimi na Mama. Mama akaniuliza mbona wenzako hawakutazami tena unaposema. Nikamjibu kwamba mtandao ni mbovu.

Ukaanza kukataa viatu. Halafu ukakigeuza kiti kuelekea dirishani. Nikasema mzee kawa mkaidi. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ijumaa moja uligoma kabisa, nikaingia darasani peke yangu kukuombea udhuru. Mwalimu akauliza kwa nini siku hizi husikiki. Nikamweleza kwamba nilikufunga sauti ili usiwasumbue.

"Dada," akasema, "wengi hapa hesabu imewatoka pamoja na maneno. Moja, mbili, tatu haziwafai. Walikuwa wanamfuata yeye."

Kwenye kidirisha cha pembeni, mama mmoja aliyekuwa mkunga enzi zake alikuwa ameinua mkono. Wenzake walishashusha. Yeye aliuacha juu, macho yake mahali ulipozoea kukaa. Alikuwa anakungoja.

Nikaja dirishani nikapiga magoti mbele yako. "Baba, si mtandao," nikasema. "Ni mimi niliyekufunga sauti. Nilikuonea haya." Ulinitazama muda mrefu. Nililia, sifichi. Kisha mkono wako wa kushoto, ule mzima, ukapiga mkono wa kiti mara mbili.

Tukakigeuza kiti. Mama akakuvisha viatu. Nikafungua maiki, ukasema neno lako, na mkono wa mkunga ukashuka.

Ukaishi nasi miezi minane zaidi, na hukukosa darasa hata moja. Jumanne ya baada ya mazishi niliingia kuwapa habari. Walikuwa wamekwisha kuzisikia. Wote kumi na mmoja waliinua mikono, wakaiacha juu. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kiti chako. Akasogea karibu na kompyuta na kusema, "Taratibu." Mikono ikashuka.

Tangu siku hiyo ni yeye. Alfajiri nyingine nakuota uko kwenye gari jeupe, barabara haina mwisho, nawe umetulia mguu wako ukiwa mbali na breki. Nikiamka huwa sina huzuni mpaka nifike sebuleni.

Unakumbukwa na mkeo. Na mimi binti yako mkubwa, niliyezima gari mara saba na sauti yako mara moja. Na mdogo wangu fundi umeme. Na shangazi yetu. Na wajukuu wanaogombania kukaa upande wa breki. Na wanafunzi wako wote barabarani. Na wenzako kumi na mmoja wa darasani.

Hutatoka mioyoni mwetu maisha yetu yote, Baba. Jumanne, saa nne, kiti kinaitazama meza, na maiki iko wazi.