Nilisema Alirudi

Jumatatu, 16 Septemba 1996

Leo nimedanganya darasani. Si ule mtego wangu wa kila siku, wa kusema Mto Rufiji unamwaga maji Ziwa Viktoria ili wanirukie wote, "Siyooo, madam!" Huu ulikuwa uongo hasa.

Kitabu kimoja, wanafunzi kumi na tisa. Wavulana wa Kizungu wamekwama kisiwani, hakuna mtu mzima. Na mimi ni mwalimu wa jiografia! Fasihi ya Kiingereza nimebambikiwa tangu mwalimu Michael aache kazi akaenda Dar kuuza dawa za meno. Mkuu kasisitiza wahusika wadogo – mtihani hauachi kuuliza wanasimamia nini. Basi tumewachambua. Anayelialia: hofu. Anayehesabu meli zisizokuja: ujinga. Mteka maji, ambaye hata jina hana: wanyonge.

Tumefika pale anaposhuka mtoni na kopo lake – kurasa zikaisha. Zimechanwa mpaka jalada. Darasa zima: Alirudi, madam?

Nikakutana na macho ya Mwanahawa. Mwaka juzi mdogo wake alikwenda kuteka maji, mamba akamchukua. Hawakupata hata shati. Wenzake wanapiga kelele, yeye ananitazama tu, kalamu hewani.

Nikasema alirudi. Kopo limejaa. Na kwa hiyo, nikaongeza – mdomo wangu huu! – anasimamia matumaini. Wakaandika wote.

Jumamosi, 2 Novemba

Yesu na Maria!

Nimenunua karanga dukani kwa mama Imtiaz. Nimekula nusu njiani ndipo nikaona karatasi yake ina Kiingereza. Kisiwa. Wavulana. Ukurasa wa 181! Nikazimwaga karanga mkobani nikasoma nimesimama juani.

Mteka maji hakurudi. Wameliokota kopo lake ukingoni. Wale wakubwa wanagombania nani alichukue, hakuna hata mmoja anayeuliza mtoto yuko wapi.

Nikarudi dukani mbio. Mama Imtiaz kanikalisha kwanza, kadhani nimefiwa. Karatasi? Alizinunua shuleni kwetu mwezi wa tano, kwa kilo, gunia zima. Kapekua chini ya kaunta, kapata vipande viwili, na vyote ni vya kitabu cha kilimo. Vingine vyote vimeshatoka na karanga na bizari. Pole sana mwalimu, pole sana, mpaka nimefika barabarani.

Mtihani Jumanne.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekwenda kwa mkuu, Mwalimu Benedict, baada ya ibada. Kumbe vitabu vibovu aliuza yeye, tupate chaki. Siku hizi kila shule ijitafutie, kasema, nilitaka wafundishwe kwa vidole?

Nikamweleza habari ya mteka maji. Kakuna kidevu. Kasema nisiwavuruge watoto siku mbili kabla ya mtihani, kosa lenyewe dogo.

Dogo! Kumi na tisa wamekariri uongo wangu kwa mwezi na nusu. Kesho nasema, anifukuze akitaka.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimesema. Heri ningekaa kimya.

Nimesimama mbele nikawaambia: mteka maji hakurudi, nilikosea. Halafu – "Siyooo, madam! Alirudi!" Na makofi! Wamedhani ni mtego wa kufungia mwaka. Nikarudia, wakazidi kucheka. Nikapiga meza. Miraji kule nyuma: leo madam kaukaza kwelikweli!

Nikatoa karatasi. Mafuta ya karanga yameshaila, mstari unasomeka, mstari hausomeki. Ikapita mkono kwa mkono. Wachache wakaacha kucheka, wakaanza kuogopa, na hilo nalo baya. Sasa tuandike lipi, madam?

Mwanahawa hakuisoma. Kaipitisha kwa jirani yake. Kengele ilipolia kanifuata mlangoni, sauti ya chini, ya heshima kabisa. Madam, hiyo ni karatasi moja. Labda anarudi huko mbele, kwenye zile zilizopotea.

Ni kweli sijazisoma! Nitamwambiaje hapana, kwa ushahidi gani? Nikamwomba likija swali hilo aliache, ajibu jingine. Ndiyo, madam. Kaitikia vizuri mno. Sikuipenda ile ndiyo.

Jumanne, 5 Novemba

Saa tatu na nusu. Wako ndani tangu saa mbili. Askari mlangoni, msimamizi mgeni kaja na karatasi kutoka Utete. Mimi sitakiwi kusogea. Nipo ofisini, dirisha langu linatazamana na lao. Naandika huku natazama.

Mkuu alikuwepo bahasha ikifunguliwa. Kaja anachekelea: wahusika wadogo wametoka! Swali la tatu, alama ishirini na tano! Kanipa mkono. Nimeupokea, nifanyeje.

Miraji anatafuna kalamu. Zena kainamia dawati, sijui analia. Wale walioiamini karatasi jana nimewaharibu, na wasioiamini nimewaharibu. Sijui. Neno dogo tu, sijui, siku ile ya Septemba, tungekuwa salama wote!

Mwanahawa hajainua kichwa tangu nianze kutazama. Anaandika. Mwenzake anafuta, yeye anaandika. Nimesogea dirishani nikatikisa kichwa, labda anione. Askari kaniona yeye, kaninyooshea kidole nirudi.

Kanyoosha mkono. Anaumwa? Msimamizi kamwendea – kampa karatasi ya ziada.

Jamani, anatabasamu. Tangu mwaka juzi sijauona uso ule.

Imebaki saa nzima. Kanyoosha mkono tena, anataka karatasi nyingine.