Kibali cha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi wa manispaa kaja tena kinyozini kwangu, na rula yake. Kibao changu kimezidi kiganja kimoja kuelekea barabarani — nikikate au nifunge. Nimekikata mwenyewe kwa msumeno. Yule bwana niliyemchora kibaoni sasa hana sikio. Vibali sita ukutani, na cha saba, cha kupiga redio, bado nakisubiri. Wembe wangu, kiti changu, mgongo unaouma wangu. Serikali imenishikia nini? Hata taulo haijawahi kunishikia.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wameniita Soko Huria, kama kawaida yao, ili nianze kuhubiri. Nikaanza. Anayenyoa vibaya atakosa wateja, basi, hiyo ndiyo sheria; mhuri haumfundishi mtu kushika wembe. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayenyolea kwenye kiti cha pili, aliacha mashine ikiunguruma hewani ili asikie vizuri. Miaka minne namfundisha kazi, sijawahi kumwona akisikiliza hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji kaondoka. Kafungua kinyozi chake — ng'ambo ya barabara! Milango inatazamana. Hana kibali hata kimoja. Nilipomuuliza, akacheka: si wewe shemeji uliyesema kibali ni kuomba ruhusa ya kula jasho lako? Mke wangu anasema nifurahi, mwanafunzi wangu kahitimu. Sina hamu ya kufurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya Jumamosi, vichwa vitatu tu. Kwake wamejaa mpaka barazani. Hata mwalimu, mteja wangu wa miaka tisa, kavuka, tena kanipungia mkono. Bei ya shemeji ni nusu ya yangu. Ataachaje kuwa rahisi, hakulipia vibali sita! Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Kama niliyosema yote ni kweli, basi soko limeamua, na limeamua mimi nife njaa.

Jumatatu, 17 Machi

Mkaguzi yuko nje, anakipima kibao upya. Naandika upesi. Kaniuliza, yule wa ng'ambo ana vibali? Nikaendelea kupangusa wembe. Akasema bila malalamiko ya maandishi hawezi kumgusa. Akiyapata, anamfunga leo hii. Kaniwekea mezani fomu na kalamu. Pembeni kaweka kibali changu cha redio, kimeshapigwa mhuri. Hakusema kimoja ni bei ya kingine. Mimi si mtoto.

Dirishani namwona shemeji. Anamfuta mteja shingo kwa taulo, polepole, kutoka sikioni kushuka chini, kama nilivyomfundisha. Kazi safi. Siwezi kuiita chafu.

Fomu inataka sababu. Jina langu nimeshalijaza.

Mkaguzi anagonga kioo kwa rula, eti nimemaliza? Nimemwashiria angoje. Anadhani najaza fomu. Kumbe naandika humu daftarini, na kwa kalamu yake.