Wakili wa Ukoo wa Cleophace

Deodatha weee, acha unachofanya usome. Shemeji yako Cleophace ametoka kwa wakili sasa hivi, amekasirika kweli.

Si tulimwambia atafute mzoefu wa kesi za mafundi walioumia kazini? Akang'ang'ania huyu wa pale Nkwenda, eti ni wa ukoo wao!

Sasa sikia. Wakili kamsogezea karatasi ya kufuta madai. "Saini, mdogo wangu. Mkandarasi unayemdai naye ni wa ukoo. Tuyamalize kindugu."

Kindugu! Jukwaa bovu la ujenzi limemwangusha, mguu umefungwa plasta, anaambiwa kindugu!

Cleophace akashika magongo, akasimama. "Na huu mguu, kaka, ni wa ukoo gani?"

Hakusaini. Nitumie namba ya wakili wa huko kwenu Karagwe, mradi asiwe ndugu wa mtu yeyote.