Korongo Lililosomba Trekta

Katesh, Jumanne. Mvua bado.

Eti korongo si mto! Meneja wa shamba la ngano la serikali aliyasema hayo kikaoni leo, huku kalamu yake ikianza kufuta kwenye ramani yetu makorongo ya Hanang, yale yanayopitisha maji wakati wa mvua tu. Tunapanga vituo vya kupimia maji ya mito mkoa mzima, naye anataka tupime ile tu inayotiririka mwaka mzima. Nilikasirika sana.

Bosi wangu, Bi. Paskalina, hakukasirika. Alikuwa amemwamkia shikamoo mlangoni, na sauti yake ilibaki ileile ya heshima.

“Mzee, lile trekta lenu la kule Basotu lilisombwa na nini?”

Mzee akacheka. “Korongo,” akasema, akarudisha kalamu mfukoni.

Utulivu ule natamani ungekuwa wangu. Makorongo yamebaki kwenye ramani. Huenda siku moja tutawaonya mapema wanaoyavuka kwenda mnadani.

Ila nina wasiwasi. Tutaajiri mtu aende korongoni kila asubuhi, aandike sifuri, sifuri, sifuri. Je, asubuhi maji yatakapokuja, bado atakuwa anakwenda?